Mashine Mpya Haitangazwi Mapema

Nadège,

Salamu sikupi, maana bado tunalala chini ya bati moja. Barua hii utaikuta juu ya begi lako, lile ulilolificha kwa mwenzako wa kwaya ukadhani sitalijua. Nimelifuata mwenyewe leo mchana, nikalibeba kichwani katikati ya soko la Base Camp hapa kambini, machozi yananitoka, watu wananiuliza nani kafa. Nikawaambia hajafa mtu, ni binti yangu anahama. Basi siri yako imekwisha, soko zima linajua.

Naandika kwa sababu tangu asubuhi kila nikifungua mdomo natoa kelele tu, na wewe unanijibu kwa ile sauti ya chini inayonichoma zaidi. Sasa umekwenda kuaga rafiki zako, nami nina jioni hii na kalamu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala chandarua. Hayo unayajua kuliko mimi.

Acha nianze na lililonikata maini. Asubuhi ulikuwa unafuta vumbi kwenye pedi za gemu, hata hukuniangalia usoni, ukasema, "Mama, kesho naenda Mbarara kufanya kazi na Madamu Peace." Kesho! Si mwezi ujao, si baada ya Noeli. Nikauliza gari saa ngapi, ukasema saa tatu. Bon, sawa. Nikatoka kumtafuta Innocent wa boda ili akubebee mzigo mpaka kwenye magari, na yeye akacheka. "Mama Nadège, mbona tumekwisha kupatana? Kasema nimfuate saa kumi na moja alfajiri, nisipige honi."

Asipige honi! Yezu wangu! Nikakaa pale pale kwenye vumbi, na Innocent akaanza kunipepea na kofia yake ya boda. Mwanangu, ulitaka niamke nikute kitanda kitupu. Mimi, mama yako, niliyekubeba mgongoni kutoka Burundi mpaka hapa.

Nikampigia simu huyo Madamu Peace. Mwaka jana, alipokuja kununua maharage akakukuta unatengeneza pedi kwa bisibisi, aliniambia, "Nyabo, hii mtoto yako iko na akili ya biashara sana. Mimi nachukua yeye." Nikacheka, maana watu wengi husema hivyo juu ya mtoto wa mtu. Sikujua kwamba mke wa mwanajeshi akisema anachukua, anachukua kweli. Leo akaniambia, "Banange, Mama Nadège, yeye hajakwambia? Sisi nafungua nyumba ya gemu hii Jumamosi hapa Kakiika, karibu na barracks. Watoto ya maafande nafunga shule Ijumaa. Yeye ndiye alisema usiambie mtu, hata mama."

Hata mama. Nikamkatia simu.

Nilivyorudi nyumbani sijui hata nilisema nini, majirani ndio wanajua. Lakini jibu lako nalikumbuka neno kwa neno. "Mama, ni wewe ulinifundisha. Mashine mpya haitangazwi mapema, inaua ya zamani." Maneno yangu mwenyewe, kutoka kinywani mwako, yananirudia mimi!

Ni kweli nilikufundisha. Lakini nataka ukumbuke nilivyojifunza, maana nadhani umeshika nusu.

Mwaka ule ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Chumba chetu cha gemu kilikuwa na mashine mbili, zile za toleo la tatu, na televisheni mbili zenye mgongo mkubwa. Watoto Warundi, Wakongo, Wasomali, wote wanasukumana kwenye benchi. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Papa Josué, yule Mkongo, naye ana mashine kama zangu. Tulikuwa tunakula wote. Ndipo nikasikia kuwa toleo la nne limetoka huko duniani, na tamaa ikanishika shingo. Nikaenda Mbarara kwa yule muuzaji wa karibu na stendi, akaniahidi kuniletea moja kabla ya Noeli. Nikarudi nimevimba kichwa. Jumapili, baada ya misa, nikasimama uwanjani kwa kanisa nikatangaza, "Noeli hii, kwa Mama Nadège, mashine mpya! Mchezaji akitoka jasho unaliona!" Watoto walipiga kelele mpaka padri akatoka kuangalia. Nikajiona nimeshinda.

Jumatatu chumba kitupu. Jumanne kitupu. Watoto walikuwepo, lakini wamekaa nje, mgongo ukutani, hawaingii. Nikamwuliza mmoja, mbona huchezi? "Naweka pesa ya mashine mpya, mama." Loo! Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimewaambia kuwa ile iliyo ndani ni takataka. Noeli ikafika, mashine haikufika. Muuzaji akasema kontena bado. Watoto walipochoka kungoja wakavuka barabara, kwa Papa Josué, ambaye hakutangaza kitu. Alipunguza bei akanunua na karanga za kuwagawia. Nilipokutana naye bombani akanishukuru, mshenzi yule! "Mama Nadège, aksanti kwa matangazo. Batoto bote banakuya kwangu sasa. Miye sikusema hata neno."

Mashine ilifika tunapalilia maharage, Pasaka imepita zamani. Ikaja na mchezo mmoja tu, wa mbio za magari. Watoto wakaingia, wakaangalia, wakauliza, "Mpira uko wapi?" Mpira haukuwepo. Jioni yake sola ikashindwa, kumbe mashine ile inakula umeme kuliko zile mbili. Nilikaa kwenye benchi yangu tupu nikalia, na wewe ukaja ukakaa pembeni yangu na sare yako.

Nikaenda Mbarara kumgombeza muuzaji. Nilikwenda na hasira ya kumpasua. Alinipa kiti na soda, akaningoja nimalize, halafu akacheka, mzee yule aliyekaa Mombasa akajua Kiswahili cha kunitosha. "Mama," akasema, "wewe umefanya kosa ambalo wenye kampuni wanaliogopa kuliko moto. Unadhani wao wanatoa mashine siku inapokuwa tayari? Hapana. Wanaangalia msimu, Krismasi iwe karibu, watoto wafunge shule. Wanaangalia mshindani. Ukimtangulia huna michezo, watu wanakucheka. Ukichelewa, watoto wamekwisha kufuata mashine ya rafiki zao, na mtoto hachezi peke yake. Na mdomo wanaufunga mpaka zile za zamani zipungue kwenye rafu, maana siku ya kutangaza ndiyo siku ya kuziua." Nikamwuliza, basi faida yao iko wapi, mbona mashine yenyewe ina vitu vingi hivyo vya ghali ndani? Akasema kwenye mashine faida ni ndogo, mara nyingine wanakula hasara kabisa. Faida iko kwenye michezo utakayonunua miaka yote inayofuata. "Ndiyo maana ukitoka bila michezo, mama, umetoka uchi."

Nilishangaa, haki ya Mungu. Watu wa maofisi makubwa ya huko mbali, na mimi wa kambi ya Nakivale, tunaugua ugonjwa mmoja! Kuanzia siku ile nilikuimbia wimbo huo kila tulipokuwa tunapika. Na tulijirekebisha. Tukaacha kuwa wa kwanza. Dunia ikikimbilia mpya, sisi tunashuka Mbarara kununua iliyoachwa, bei imeanguka, michezo yake imejaa tele. Wewe ulikuja kunipita. Wewe ndiye uliyesema tusifungue mashine wiki ya kupalilia, tungoje maharage yauzwe. Wewe ndiye uliyejua wiki ipi watoto wana kitu mfukoni. Nilijivunia wewe, nilikuwa nakusifia mpaka kwa Papa Josué.

Kumbe nilikuwa nanoa kisu! Wiki ya kufunga shule, wiki yetu ya kuvuna, ndiyo umeichagua kuniacha. Mshindani awe amelala, si ndiyo? Basi ulinikuta nimelala fofofo, mwanangu. Umenipiga chenga nikabaki nimekaa chini.

Sasa sikiliza. Nilipofika hapa kwenye barua niliacha kuandika, nikatoka nje nikamwaga maji machafu, nikarudi. Kuna kitu kimenipiga kichwani nikiwa nimesimama na beseni, na hicho ndicho kimenitisha kuliko begi lako na honi ya Innocent.

Nilidhani siri hii umejifunza kwenye gemu. Si kweli. Hapa kambini kila anayeondoka anaondoka kimya. Anayeitwa kwenda nchi za mbali anauza viti vyake kwa kificho, anaogopa jicho la watu, na jirani anashtukia nyumba ina kufuli. Tumezoea hivyo. Lakini sisi hatukufanya hivyo, unakumbuka? Ulikuwa mdogo, tumetoka kuulizwa maswali ofisini kwa ajili ya safari hiyo ya mbali, na mtu mmoja akatuambia tujiandae. Jiandaeni, neno moja tu. Marehemu baba yako na mimi tulirudi tunaimba njiani, tukaambia watu wote. Tunaondoka!

Na kuanzia siku ile, Nadège, nikaacha kuishi. Ukuta ulikuwa unataka udongo, nikasema wa nini, tunaondoka. Baba yako alileta miche ya parachichi, nikaikausha kwenye ndoo, nani atakula parachichi hizo? Uliomba godoro, nikakuambia utalalia godoro zuri huko tunakokwenda. Uliomba kuingia kwaya, nikasema usizoee. Ulipata rafiki wa kwanza, yule mtoto wa kambi ya Oruchinga aliyekuja kukaa kwa shangazi yake, nikakuambia usimzoee. Usizoee, usizoee. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Hatukuitwa. Baba yako kafia kwenye nyumba ambayo mlango wake ulikuwa bado ni turubai, kwa sababu mimi nilikataa kununua mbao. Ndipo nikaamka nikafungua chumba cha gemu, kwa ukali tu wa njaa.

Tuliishi kama wale watoto waliokaa nje mgongo ukutani, pesa mkononi, hawachezi. Mimi ndiye niliyewakalisha nyie pale. Nimeliona leo. Miaka yote hii nakueleza jinsi tangazo linavyoua, nakutolea mfano wa Noeli na Papa Josué, na wewe unaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama, kumbe kichwani una mfano wako mwingine mkubwa kuliko huo na hukuwahi kunitupia usoni.

Basi nimejiuliza, bila kelele sasa, kama ungeniambia mwezi uliopita ingekuwaje. Nakujibu kweli. Ningelia kwenye kila chakula. Ningeugua mgongo, unaujua mgongo wangu, unaugua unapotakiwa. Ningekuambia pedi za nini kuzitengeneza, si unaondoka? Jumapili ile tulivyocheka nywele mpya za Papa Josué mpaka nikashindwa kusimama, nisingecheka. Tusingepukuchua maharage pamoja tukiimba. Umenipa mwezi mzima ambao haujaharibika, na nilikuwa nautumia bila kujua ni wa mwisho. Nimeelewa. Nimeelewa na bado inauma, usidhani kuelewa kunaondoa maumivu.

Lakini hesabu yako ina kosa, na mimi kama mwalimu wako lazima nilitie wino mwekundu. Umesahau sehemu ya pili. Hakuna kampuni inayotoa mpya asubuhi ikaitupa ya zamani mchana. Zinakwenda pamoja miaka, maana watu wengi bado wako kwenye ya zamani na ndiyo inayolipa mishahara. Hapa kwetu unajua mwenyewe, toleo la tatu ndilo lililokusomesha mpaka ukamaliza sekondari. Sawa, mimi ni ya zamani. Lakini bado nawaka! Piga simu. Njoo sikukuu zikiisha, njoo unifokee kuhusu bei. Usinizime kwa sababu umefungua kule.

Kwa hiyo nenda. Nalisema wazi ili usije ukasoma barua hii mara mbili ukitafuta kama nimekubali. Nimekubali. Fungua Jumamosi na mlizo nazo. Watakuja watu kukuambia ngojeni, kuna mpya inakuja, kaka yangu kasoma kwenye simu. Mpya inakuja siku zote, Nadège. Mtu anayengoja mpya hakosi sababu ya kungoja, na mama yako ndiye mfano mkubwa. Na huyo Peace ni mtu mzuri, nimemsikia sauti yake leo alivyoshtuka, hakupenda kuwa sehemu ya siri hii. Lakini ni mke wa afande. Afande anaweza kuambiwa leo kuwa kesho yuko kaskazini, na familia ikafunga virago. Usijenge kila kitu juu ya jina lake. Wajue mama za wale watoto, wakujue wewe, ili siku Peace akihamishwa watoto wabaki kwako. Hilo tu. Mengine utakosea mwenyewe, na mimi nitakucheka kwenye simu.

Kuna jambo moja la yule muuzaji sikuwahi kukuambia, maana niliona ni upuuzi wa Wazungu. Alisema huko kwao, mashine mpya ikitoka, watu wanalala nje ya duka. Watu wazima wenye kazi zao, na mablanketi, kwenye baridi, ili mlango ukifunguliwa wawe wa kwanza. Nikambishia. Nikasema si ulisema kampuni zinaficha, sasa hao wanajuaje siku? Akasema, "Mama, wanaficha mapema tu. Wakati ukifika, siku wanaitaja na saa wanaitaja. Mashine ikitoka na mlangoni hakuna mtu, imetoka kwa bahati mbaya." Ningekuambia hili zamani, labda leo ungetaja saa ya kweli.

Basi nimekwisha kutandika mkeka hapa mlangoni, kwa ndani, na blanketi langu la kijani. Wewe ukirudi kutoka kuaga pita taratibu, chakula chako kiko chini ya sinia, kula, soma, lala. Innocent nimemwambia aje saa ile ile mliyopatana, honi asipige, mlivyotaka wenyewe. Mlango ni mmoja tu, na mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Usiniruke, Nadège. Niamshe.

Mama